Kabla ya Kumlaumu Kamba

Mtu akiamka na mabaka mwili mzima, midomo imefura na ngozi inawasha mpaka hakukaliki wala hakulaliki, swali la kwanza nyumbani huwa moja: jana ulikula nini? Papo hapo ukoo mzima unageuka kuwa wapelelezi. Jana biriani lilikuwa la kamba? Basi ni kamba. Hapakuwa na kamba? Mayai. Hata mayai hakula? Basi ni yale mafuta mapya ya kupikia, au sabuni ya unga iliyobadilishwa juzi. Kufikia saa nne asubuhi hukumu imeshatoka, na mtuhumiwa ameondolewa kwenye sahani ya mgonjwa maisha yake yote.

Mara nyingi aliyehukumiwa hana kosa. Chakula kinaweza kweli kumtoa mtu mabaka, na kwa wachache kinaweza kuua. Lakini kwa wengi wanaoshikwa ghafla, mkosaji yuko kwingine: ni mafua ya wiki iliyopita, kidonge kilichomezwa kwa ajili ya mafua hayo, mdudu, au rangi iliyopakwa mikononi. Wengine hawana mkosaji wa nje kabisa. Na kinachosaidia zaidi kumpata mkosaji huyo si kipimo cha maabara cha bei mbaya, bali saa ya ukutani na kumbukumbu nzuri.

Mabaka haya, ambayo madaktari huyaita utikaria, si ugonjwa wa nadra. Inakadiriwa kuwa mtu mmoja katika kila watano huyapata walau mara moja maishani. Chini ya ngozi kuna seli zinazoitwa seli za masti, zilizojaa kemikali iitwayo histamini. Zikichokozwa huimwaga. Mishipa midogo ya damu hutanuka na kuvuja majimaji, ngozi inainuka, na neva za mwasho zinawaka. Hilo ndilo baka.

Vitabu vya tiba husema baka ni jekundu, kwa sababu picha nyingi zilizomo ni za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, na ndiyo maana mama humpeleka hospitali mtoto anayejikuna usiku kucha, akaambiwa na mhudumu, chini ya taa hafifu, kwamba haoni kitu. Dawa yake ni kupitisha kiganja. Baka lina kingo, limeinuka, lina joto kidogo, na ukilitazama kwa ubavu mwanga unapolipiga linajichora vizuri.

Tabia yake kubwa ni kuhama. Linatokea pajani asubuhi, mchana halipo na halikuacha hata alama, jioni jingine liko mgongoni. Ugonjwa wenyewe unaweza kudumu siku nyingi, ila baka moja moja halikai. Njia rahisi ya kulithibitisha hilo ni kuchukua kalamu ya wino, kulizungushia baka mstari, kuandika saa pembeni, kisha kulitazama tena kesho yake. Likiwa bado limo ndani ya mstari baada ya saa 24, au linauma kuliko kuwasha, au limeacha weusi wa chubuko, hiyo si utikaria ya kawaida. Huenda mishipa midogo ya damu imevimba yenyewe, na hapo daktari anahitajika, si duka la dawa.

Jinsi chakula kinavyomtoa mtu mabaka ilijulikana kwa jaribio la ajabu lililochapishwa Ujerumani mwaka 1921. Daktari Heinz Küstner alikuwa akila samaki aliyepikwa anavimba. Mwenzake, Carl Prausnitz, alichukua majimaji ya damu ya Küstner akajichoma nayo kwenye ngozi ya tumbo lake mwenyewe. Siku iliyofuata alijichoma mahali pale pale maji yaliyotengenezwa kwa samaki, na baka likafura, ilhali yeye hakuwa na neno na samaki. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu kumtia mtu damu ya mwingine namna hiyo. Lakini jaribio lilionyesha kuwa kuna kitu ndani ya damu kinachobeba mzio, na katika miaka ya 1960 kitu hicho kikatambuliwa: kingamwili iitwayo IgE.

Mzio wa IgE hauna subira. Ukila usichopatana nacho, mwili hujibu ndani ya dakika chache, au ndani ya saa mbili hivi. Kamba wa chakula cha jioni Jumamosi hawezi kukaa kimya hadi Jumatatu asubuhi ndipo akutoe mabaka. Tena mzio wa kweli hujirudia: kama ulikula kamba Idi na harusini bila tatizo, na wiki iliyofuata ukala tena salama, mwachie huru. Kuna kighairi kimoja kinachojulikana, nacho ni mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe unaowapata baadhi ya watu waliowahi kuumwa na kupe. Huo huchelewa saa tatu hadi sita, kiasi kwamba mtu hula nyama usiku akaamka katikati ya usingizi anajikuna. Timu ya mtafiti Thomas Platts-Mills ilieleza wagonjwa wa namna hiyo Marekani mwaka 2009, na Afrika Kusini nako wapo.

Pwani, hata hivyo, kuna mchezo mwingine ambao samaki huucheza, na nadhani ndio unaowapotosha watu wengi kuliko wote. Samaki anaweza kukutoa mabaka bila wewe kuwa na mzio naye hata chembe.

Jodari, vibua na jamii zao wana kemikali nyingi mwilini iitwayo histidini. Samaki akishakufa na kuachwa kwenye joto, bakteria huigeuza histidini hiyo kuwa histamini, ileile inayomwagwa na seli zetu wenyewe. Fikiria safari ya kibua aliyevuliwa alfajiri: chomboni hakuna barafu ya kutosha, analala kwenye mbao mpaka mnada, mchuuzi anampakia kwenye tenga nyuma ya pikipiki, jua la saa saba linampiga foleni nzima, jioni anafika mezani kwa mama lishe. Hanuki. Macho labda yamefifia kidogo, lakini nani anatazama macho ya samaki wa vipande? Anakaangwa mpaka anakauka, na kikaango hakimsaidii kitu, kwa sababu histamini haivunjwi na moto. Kumgandisha wakati huo hakusaidii pia. Ndiyo maana viwango vya kimataifa vya Codex vimeweka kikomo cha histamini kuwa miligramu 200 kwa kila kilo ya samaki wa jamii hizo.

Mlaji huhisi ladha ya pilipili au ya chuma ulimini. Baada ya dakika kumi hadi saa moja uso unapata moto, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mabaka yanatoka, pengine na kuhara. Anaapa hatakula tena samaki. Swali la kumuuliza ni hili: wangapi walikula kipande cha samaki yuleyule? Wakiwa wanne na watatu wanajikuna, shida ni samaki. Akiwa mmoja tu, na wenzake wanashushia juisi ya ukwaju, shida inaweza kuwa mzio wake. Yule wa kwanza, hali ikishatulia, anaweza wiki ijayo kula jodari aliyetoka kwenye barafu bila wasiwasi. Yule wa pili asijaribu kabla ya kumwona daktari.

Kwa watoto, kisababishi kikubwa cha mabaka ya ghafla ni maambukizi, hasa ya virusi vya kawaida vya mafua na tumbo. Hapa ndipo kesi huvurugika. Mtoto ana mafua na homa. Siku ya pili anaanzishiwa amoksilini, ambayo pengine hakuihitaji, kwa sababu dawa hiyo haiui virusi. Siku ya tatu mabaka yanatoka. Kwenye kadi yake kunaandikwa kwa kalamu nyekundu kwamba ana aleji ya penisilini, na maandishi hayo yanamfuata mpaka anaoa. Huko ambako watu wenye lebo hii wamepimwa vizuri, karibu tisa katika kila kumi wamegundulika kuwa wanaweza kuitumia penisilini bila madhara. Lebo si jambo dogo: inamfanya mtu anyimwe dawa nzuri na ya bei nafuu, apewe ya gharama kubwa, nyingine isiyomfaa kama ile ya kwanza.

Sisemi dawa hazina hatia. Baada ya maambukizi, ndizo ningezishuku kabla ya kamba. Penisilini kweli ipo kwenye orodha, na zinafuata dawa za maumivu: aspirini, diklofenaki, ibuprofeni. Hizi za maumivu mara nyingi hazipitii njia ya IgE, kwa hiyo anayedhuriwa nazo huvimba kwa zote tatu, siyo moja. Tatizo letu ni bahasha ya khaki. Mtu ananunua dawa za mafua, anapewa vidonge vya aina tatu vilivyochanganywa, kimoja cheupe, kimoja cha njano, kingine cha rangi mbili, bila jina hata moja. Vikimdhuru, hospitalini anachoweza kusema ni kwamba alimeza kile cha njano. Daktari afanyeje na hilo? Dai jina la dawa liandikwe. Na ikikudhuru, mwambie mhudumu aripoti: Tanzania taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na Kenya na Bodi ya Dawa na Sumu.

Wenye umri wanakumbuka klorokwini. Ukiimeza usiku ule hulali, unajikuna na nyayo, na ukitazama ngozi huoni kitu. Mwasho ule haukuwa mzio. Ni dawa yenyewe, na uliwapata zaidi watu weusi. Tanzania ilipoiacha mwaka 2001 na kuweka SP kama dawa ya kwanza ya malaria, hadi ilipopokewa na dawa mseto mwishoni mwa 2006, mwasho ule ukaondoka, lakini ikaja hofu ya salfa.

Salfa iliyomo kwenye SP na Septrin haiishii kwenye mabaka. Kuna watu ambao kila wakiimeza, doa moja la mviringo, jeusi, wakati mwingine lenye lengelenge, hurudi mahali palepale: mdomoni, mkononi, au sehemu za siri. Kila likirudi linazidi kuwa jeusi. Doa la sehemu za siri limezua maneno katika ndoa zisizo na kosa, kwa kuwa linafanana na ugonjwa wa zinaa na hakuna anayekumbuka vidonge vya wiki iliyopita. Daraja la juu la madhara hayo ni ngozi kubabuka, vidonda vya mdomo na macho mekundu. Hiyo ni dharura ya kulazwa siku hiyohiyo. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Nairobi walichapisha taarifa kwamba thiasetazoni, dawa ya kifua kikuu iliyotumika sana wakati huo, ilikuwa ikiwababua vibaya wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI. Baadaye Shirika la Afya Duniani likashauri wagonjwa hao wasipewe.

Jambo jingine la dawa ambalo halisemwi vya kutosha linawahusu wazee wetu wa presha. Enalaprili, kaptoprili na ndugu zake zinaweza kuvimbisha midomo, ulimi na koo, bila mwasho na bila baka hata moja. Linaweza kutokea mtu akiwa ametumia dawa hiyo miezi au miaka kwa amani, na watu wenye asili ya Afrika wako hatarini zaidi. Piritoni, kidonge cha aleji, haifui dafu hapo. Mzee apelekwe hospitali haraka, na dawa ibadilishwe na daktari.

Vitu vinavyogusa ngozi vina saa yao pia, nayo ni ya polepole. Mzio wa mguso huanza baada ya siku moja hadi tatu, na haufanyi mabaka yanayohama. Unafanya malengelenge, maji na magamba palepale palipoguswa. Mfano bora uko kwenye harusi za Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Hina ya majani yaliyosagwa hutoa rangi ya kahawia, huchukua saa kadhaa kushika, na ni nadra kumdhuru mtu. Piko nyeusi ni habari nyingine. Mara nyingi ni rangi ya nywele ya unga, na ndani yake kuna kemikali inayofupishwa kwa herufi PPD. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia 2, na hauruhusu kuchorea ngozi. Siku ya tatu baada ya harusi, ua zuri lililochorwa kiganjani linainuka jani kwa jani, linajaa maji, na likipona linaacha chapa ya umbo lilelile. Watalii wengi wamerudi kwao na kumbukumbu hiyo kutoka fukwe za Unguja. Ubaya ni kwamba mwili hausahau. Binti aliyebabuka leo, akija kupaka mvi zake rangi miaka thelathini baadaye, anaweza kuvimba uso mpaka macho yakafunga.

Mtwara na Lindi wanaujua mguso mwingine. Kati ya ganda la korosho na kiini kuna mafuta meusi makali. Anayebangua kwa mkono baada ya kuzichoma kwenye bati, vidole vyake huwa vyeusi, vimebabuka kwenye ncha, na moshi wa kuchoma unamvimbisha kope. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake una kemikali za jamii hiyo. Mtu anayemenya embe kwa meno halafu kesho yake anawashwa pembeni mwa midomo, huenda embe lenyewe halina neno naye. Alimenye kwa kisu, anawe, ale.

Kuna wanaosingiziwa mzio na si mzio. Upupu ni mmoja: vinyweleo vyake vina kimeng'enya kinachochokoza neva moja kwa moja, pasipo kupitia histamini, ndiyo maana vidonge vya aleji havimfai sana mwanafunzi aliyewekewa upupu kwenye kiti. Mwingine ni yule mdudu mwembamba wa Nairobi, mweusi na mwekundu, aliyefurika baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi ndipo sumu yake inapokuunguza, na kidonda kinaonekana kesho yake. Mpulize, usimpige.

Na watoto wenye vipele vigumu vya miguuni na mikononi visivyokwisha? Tazameni godoro kabla ya sahani. Kunguni, viroboto na mbu ndio hufanya vipele hivyo, na mtoto anapoumwa upya mahali pamoja, vipele vya zamani navyo huamka.

Matibabu ya mabaka ya kawaida hayana maajabu. Setirizini au loratadini, kidonge kimoja kwa siku kwa mtu mzima, hutosha wengi. Piritoni inafanya kazi, ila inaleta usingizi, na dereva wa bodaboda aliyeimeza asubuhi ni hatari kwake na kwa abiria. Krimu za steroidi, zile zinazoishia kwenye mkorogo, hazina kazi hapa: baka litakuwa limeshahama kabla krimu haijakauka.

Lakini mabaka yakija pamoja na koo kubana, sauti kukwama, kifua kupiga filimbi, kutapika mfululizo au kizunguzungu cha kuanguka, msipoteze muda na kidonge wala maziwa. Hiyo ni anafilaksia. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya kwenye msuli wa paja, nusu miligramu kwa mtu mzima, na inatakiwa iwepo hata zahanati. Mgonjwa alazwe chali miguu juu; asisimamishwe ghafla. Akiwa anahema kwa shida, mwacheni akae. Adrenalini ni ya bei ndogo, na inasikitisha kwamba bado kuna vituo ambako mgonjwa huanzishiwa haidrokotisoni kwanza, dawa ambayo huchukua saa kadhaa kufanya kazi.

Wanaobaki ni wale ambao mabaka yao yamepita wiki sita. Hawa ndio wanaoteseka na upelelezi wa jikoni kuliko wote. Nimewaona walioacha samaki, mayai, maziwa, karanga, nyanya na ngano, wamekonda, na bado wanajikuna. Huuziwa vipimo vya vyakula tisini kwa mkupuo, vinavyopima kingamwili ya IgG, ambayo huonyesha tu kwamba mtu alishakula chakula hicho. Kwa wengi wao mwili wenyewe ndio unaozichokoza seli za masti. Kwa wengine kichocheo ni baridi, jasho, mkanda uliobana, au mkwaruzo tu: daktari hupitisha kitu butu mgongoni, na baada ya dakika chache mstari unainuka.

Kwa hawa dawa humezwa kila siku, yatoke mabaka au yasitoke, na daktari anaweza kuipandisha hadi mara nne ya kipimo cha kawaida. Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo ambacho tangu 1992 kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na wengi wao wako kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Hao ndio wa kuwaona. Ugonjwa huu kwa kawaida huondoka wenyewe ndani ya mwaka mmoja hadi mitano. Kila baada ya miezi michache dawa hupunguzwa kidogo ili kuangalia kama umeshaondoka, na wakati wote huo mgonjwa anaweza kula kamba wake.